Kabla hujaagiza ANA: namna ya kutumia vipimo vya kingamwili kutambua magonjwa ya baridi yabisi

Mama mmoja alikuja kwangu na bahasha nene ya majibu. Alikuwa na uchovu, viungo vinamuuma, nywele zinakatika, na kwenye karatasi ya juu kabisa paliandikwa: ANA chanya, 1:80. ANA ni kipimo cha kingamwili zinazoshika kiini cha seli. Kwa karibu miaka miwili alikuwa akiishi kama mgonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe. Jua analikimbia, mimba anaiogopa. Kumbe tezi yake ya thairoidi ilikuwa imelegea, na kipimo kimoja cha homoni kilitosha kuonyesha hivyo. Maabara haikukosea hata kidogo, maana ANA yake ilikuwa chanya kweli na watu wengi wenye maradhi ya thairoidi huwa nayo. Tatizo ni kwamba kipimo kiliagizwa bila mtu kujiuliza kinatafuta nini.

Mwongozo huu nimeuandikia tabibu ambaye si bingwa wa magonjwa ya viungo. Mgonjwa aliyeshika karatasi yake ya majibu naye asione haya kuusoma.

Hatua ya 1: Pata swali kwa mikono na masikio

Magonjwa tunayozungumzia hapa ni yale ambayo kinga ya mwili imegeuka na kumshambulia mwenyewe: baridi yabisi ya viungo, lupasi, ugonjwa wa Sjögren, ngozi kukakamaa (skleroderma), uvimbe wa misuli, uvimbe wa mishipa ya damu. Kila moja lina dalili zake, na dalili hizo ndizo zinazokipa kipimo maana.

Kwanza tenganisha maumivu na uvimbe. Kiungo kinachouma ni kimoja, kiungo kilichovimba ni kingine. Bonyeza taratibu vifundo vya vidole: vikiwa laini kama tunda lililoiva na mgonjwa anashtuka, huo ni uvimbe. Muulize asubuhi mikono inakaza kwa muda gani. Dakika 5 au 10 hazinisumbui, lakini saa nzima inanifanya nikae sawa kitini.

Kisha pita kwenye mengine. Vidole kwenye baridi vinageuka vyeupe, halafu samawati, halafu vyekundu? Macho yana mchanga, na chakula kikavu hakimezeki bila maji? Kuna upele mashavuni unaoruka mikunjo ya kando ya pua? Anaweza kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, au kuchana nywele bila kupumzika? Amewahi kupata damu kuganda mguuni, kiharusi akiwa kijana, au mimba kuharibika mara kwa mara? Uliza na dawa anazotumia, kwa sababu hidralazini, prokainamidi na isoniazidi zinaweza kuleta ANA chanya, na mara nyingine lupasi ya dawa inayotulia dawa ikiachwa.

Ukimaliza, andika swali kwa sentensi moja kwenye fomu ya maabara. "Mwanamke wa miaka 27, viungo vidogo vimevimba, upele wa jua, protini kwenye mkojo: je, ni lupasi?" Fomu iliyoandikwa "maumivu ya mwili, pima kingamwili zote" mimi huirudisha.

Hatua ya 2: Mkojo na vipimo vya kawaida vitangulie

Hesabu kamili ya damu, utendaji wa figo na ini, ESR na CRP (vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini), na mkojo. Mkojo ndio unaosahaulika, ilhali kijiti cha kupimia kinaweza kukuonyesha kwa dakika mbili protini na damu kutoka kwenye figo zinazoungua kimyakimya. Mgonjwa wa lupasi au wa mishipa ya damu anaweza kupoteza figo bila kuhisi maumivu yoyote. Kijiti kikibadilika rangi, pima kiasi cha protini na angalia mkojo kwa hadubini.

Hapo hapo tafuta vinavyofanana na magonjwa haya: thairoidi, homa ya ini aina ya B na C, VVU, kifua kikuu, na maambukizi ya vali za moyo kama kuna homa na moyo una sauti isiyo ya kawaida. Kidole gumba cha mguu kilichovimba usiku mmoja hakihitaji kingamwili yoyote. Hiyo ni gauti (jongo) mpaka ithibitike vinginevyo. Na maumivu ya kiuno ya kijana yanayopungua akitembea na kuzidi akilala huelekea kwenye yabisi ya uti wa mgongo, ambako ANA na RF (kingamwili nyingine, tutaikuta hatua ya 5) hazina la kukuambia.

Hatua ya 3: ANA, na kwa nini namba ile inapotosha

ANA ni jina la jumla la kingamwili zinazoshika vitu vilivyomo ndani ya kiini cha seli. Ukiona inavyopimwa utaielewa vizuri zaidi. Kwenye kioo kuna tabaka la seli za binadamu zinazokuzwa maabara, ziitwazo HEp-2. Seramu ya mgonjwa (maji ya damu yasiyo na chembe) inazimuliwa na kudondoshewa juu yake. Kama ina kingamwili za kiini, zinang'ang'ania pale. Kioo kinaoshwa, inawekwa kingamwili ya pili iliyofungwa rangi ya kung'aa, kinaoshwa tena. Mtaalamu anazima taa, anainamia hadubini, na viini vinawaka kijani kama vimulimuli.

Namba kama 1:80 inaeleza seramu ilizimuliwa mara ngapi huku mwanga bado unaonekana. Inafuata 1:160, 1:320, 1:640 na kuendelea. Kadiri namba ya pili inavyokuwa kubwa, ndivyo kingamwili zilivyo nyingi. Lakini fahamu kwamba anayeamua mwanga umefika kikomo mara nyingi ni jicho la mtu, kwa hiyo tofauti ya hatua moja kati ya maabara mbili haina maana yoyote.

Sasa tatizo lenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, ukiongozwa na Eng Tan na kuhusisha maabara 15 za nchi mbalimbali, uliwapima watu wazima wenye afya. Kwenye 1:40 karibu 32 kati ya 100 walikuwa chanya. Kwenye 1:80 walikuwa kama 13, kwenye 1:160 watu 5, na hata kwenye 1:320 walibaki kama 3. Hao ni watu wasio na ugonjwa.

Tupige hesabu. Tuseme watu 1,000 wanalalamika uchovu na maumivu ya hapa na pale, na 5 kati yao wana lupasi. Ukiwapima wote kwa 1:80, wale 5 karibu wote watatoka chanya, kwani kipimo hiki hukamata kama 98 katika kila wagonjwa 100 wa lupasi. Lakini katika wale 995 waliobaki, 13 kwa kila 100 ni watu wapatao 129. Una karatasi 134 za "chanya", na wagonjwa wa kweli ni 5. Umewatia hofu watu 129 ili kuwapata 5, na bado hujui ni wepi.

Chukua kundi lingine: watu 100 wenye upele wa jua, chembe sahani zilizopungua na protini kwenye mkojo, ambao nusu yao wana lupasi. Kwa kipimo kilekile na kiwango kilekile, wengi wa walio chanya sasa ni wagonjwa kweli. Hakuna kilichobadilika maabara. Kilichobadilika ni nani ameingia mlangoni, na huyo unamchuja wewe kwenye hatua ya 1.

ANA hasi nayo ina kazi yake, tena kwa lupasi ndiyo kazi yake bora. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2019 vya kuainisha lupasi vinataka ANA iwe imewahi kufika angalau 1:80 ndipo uanze kuhesabu alama nyingine. Isipofika hapo, lupasi inasogea mbali sana. Kumbuka tu kwamba vigezo hivyo vilitungwa kwa ajili ya tafiti. Vinamsaidia tabibu kupanga mawazo, ila havimzuii kumtibu mgonjwa aliye mbele yake.

Soma pia mpangilio wa mwanga, sio namba peke yake. Kiini chote kikiwaka sawasawa, fikiria kingamwili za DNA na za histoni, protini zinazoikunja DNA. Vidoti vingi vilivyotengana, kama 40 hadi 80 kwa kiini kimoja, ni vya sentromia (sehemu ya kromosomu), na mwenye vidole vinavyogeuka rangi akiwa na mpangilio huo basi skleroderma ya aina yenye mipaka iko karibu. Madoa ya kawaida yaliyotawanyika yanaweza kuwa chochote. Kuna mpangilio mmoja wa madoa membamba yaliyosongamana, uitwao DFS70, ambao ukiwa peke yake huonekana zaidi kwa watu wasio na magonjwa haya. Maabara yako ikiuripoti, ishukuru, maana imekuondolea wasiwasi.

Swali moja la kuwauliza maabara: ANA yenu mnapima kwa hadubini au kwa mashine? Mashine nyingi hutafuta orodha maalumu ya kingamwili tu. Kisichokuwemo kwenye orodha hakitaonekana, na utaandikiwa "hasi".

Hatua ya 4: ANA ikiwa chanya na dalili zipo, tafuta jina la kingamwili

Hapa ndipo panapoagizwa anti-dsDNA (kingamwili za DNA) na kundi la ENA, yaani kingamwili kadhaa zinazotajwa kila moja kwa jina lake, kama Ro, Sm na Scl-70. Usiziagize pamoja na ANA siku ya kwanza kana kwamba unajaza kikapu. Ukipima vitu 15 kwa mtu asiye na dalili, kimojawapo kinaweza kutoka chanya kwa bahati tu. Isipokuwa mbili. Kingamwili za Ro na za Jo-1 zinaweza kuwepo wakati ANA ya hadubini ni hasi, kwa hiyo macho na kinywa vikikauka, au misuli ikilegea pamoja na kikohozi kikavu, ziombe hata hivyo.

Anti-dsDNA ikiwa juu, mgonjwa akiwa na dalili, ni ushahidi mzito wa lupasi, na mara nyingi huendana na figo. Ni kati ya kingamwili chache zinazopanda na kushuka pamoja na ugonjwa, kwa hiyo inafaa kurudiwa, ikipimwa pamoja na C3 na C4. Hizo ni protini za kinga ambazo hutumika na kupungua wakati ugonjwa unawaka. Anti-Sm ilielezwa na Tan na Kunkel mwaka 1966 na kupewa herufi mbili za kwanza za jina la mgonjwa. Haipatikani kwa wengi, lakini ikipatikana ni nadra iwe kitu kingine zaidi ya lupasi.

Anti-Scl-70 kwa mwenye ngozi inayokaza inakuambia uangalie mapafu mapema, kabla hajaanza kuhema. Anti-sentromia inakuelekeza zaidi kwenye shinikizo la mishipa ya mapafu. RNA polimerasi III inakutaka upime shinikizo la damu mara kwa mara, kwa sababu figo zinaweza kushambuliwa ghafla, na dozi kubwa za dawa za jamii ya kotikosteroidi zinaongeza hatari hiyo. Anti-RNP ikiwa juu sana kwa mtu mwenye dalili za lupasi, skleroderma na misuli kwa pamoja, kuna jina la hali hiyo: ugonjwa mchanganyiko wa tishu unganishi.

Anti-Ro nitakaa nayo kidogo, kwa kuwa ndiyo kingamwili pekee kati ya hizi ambayo naitafuta kwa bidii hata mwenye nayo akijisikia mzima, iwapo ana au anapanga mimba na tayari ana lupasi, ugonjwa wa Sjögren, au amewahi kuzaa mtoto mwenye mapigo ya moyo ya polepole. Kingamwili hii huvuka kondo la nyuma. Katika mimba kama 1 au 2 kwa kila 100 za wanawake walio nayo, umeme wa moyo wa mtoto huzibwa, mara nyingi kati ya wiki ya 16 na ya 26. Aliyewahi kupata mtoto wa namna hiyo yuko kwenye hatari kubwa zaidi safari inayofuata. Haidroksiklorokwini hupunguza hatari hiyo, na ndiyo maana ni vizuri kujua mapema kuliko kujua kwenye chumba cha kujifungulia.

Hatua ya 5: Viungo vilivyovimba: RF na anti-CCP

RF ni kingamwili inayoshambulia kingamwili nyingine. Kipimo chake cha mwanzo kilitokana na uchunguzi wa Erik Waaler mwaka 1940, aliyeona seramu ya mgonjwa ikigandamanisha chembe nyekundu za kondoo. Hupatikana kwa wagonjwa wa baridi yabisi kama 70 hadi 80 kati ya 100. Lakini pia huipata kwa mwenye homa ya ini C, mwenye maambukizi ya muda mrefu, mwenye Sjögren, na wazee wengi wanaokwenda zao bila shida. Kuiita "kipimo cha baridi yabisi", kama fomu nyingi zinavyoiita, ni kumpotosha mtu kabla hajatolewa damu.

Anti-CCP, kingamwili za protini zilizobadilishwa umbo (zenye sitrulini), ni rafiki mwaminifu zaidi. Huwakamata wagonjwa karibu idadi ileile au pungufu kidogo, ila kwa wasio na ugonjwa hutoka chanya mara chache sana. Inaweza kuwepo kwenye damu miaka kadhaa kabla kiungo cha kwanza hakijavimba, hasa kwa wavutaji wa sigara. Nikilazimika kuchagua moja, nachagua hii. Zikiwa zote mbili na zote ziko juu, mkabidhi mgonjwa kwa bingwa ndani ya wiki chache, usingoje eksirei ionyeshe mifupa iliyoliwa, kwa sababu huo ndio mfupa uliotaka kuuokoa.

Angalia ukubwa wa jibu. Vigezo vya mwaka 2010 vya baridi yabisi vinatenganisha jibu dogo na jibu kubwa, na kubwa ni lile linalozidi mara 3 ya kikomo cha juu cha kawaida cha maabara husika. RF ya 18 mahali ambapo kikomo ni 14 siihesabu kuwa habari.

Halafu kuna kosa la upande wa pili, ambalo kwangu linauma zaidi. Mtu ana viungo 8 vilivyovimba, CRP iko juu, RF na anti-CCP ni hasi, anaambiwa "huna baridi yabisi" na kupewa dawa ya maumivu. Baridi yabisi isiyo na kingamwili ipo, na si nadra. Viungo vilivyovimba vina kauli kuliko karatasi. Mpeleke hivyo hivyo, na kama ipo, ultrasaundi ya viungo itakusaidia kuonyesha uvimbe wa ndani.

Hatua ya 6: Vipimo vya dharura na vya pembeni

ANCA, kingamwili zinazoshambulia chembe nyeupe za damu, inaombwa pale mapafu, figo, pua au mishipa ya fahamu inapoumwa kwa pamoja: damu kwenye makohozi na mkojo, pua yenye magamba isiyopona, unyayo ulioshindwa kuinuka ghafla. Omba kingamwili za PR3 na MPO, protini mbili ambazo ANCA hushika, moja kwa moja, ndizo zinazopendekezwa kutangulia tangu mwaka 2017. Hii haisubiri wiki mbili. Kama figo zinaporomoka, piga simu na anza mipango ya matibabu kabla jibu halijarudi. Maambukizi ya vali za moyo, dawa ya thairoidi iitwayo propilthaiourasili, na kokeini iliyochanganywa na levamisoli huweza kuleta ANCA chanya.

Kwa damu inayoganda au mimba zinazoharibika, vipimo ni vitatu: kizuia-kuganda cha lupasi, antikadiolipini na anti-beta-2. Jina la cha kwanza linachekesha, kwa kuwa kwenye chupa kinachelewesha damu kuganda na mwilini kinaigandisha. Wafarini, heparini na dawa mpya za kuzuia kuganda huvuruga kipimo hicho, kwa hiyo iandikie maabara kuwa mgonjwa anazitumia. Chochote kitakachotoka chanya, rudia baada ya angalau wiki 12, kwani maambukizi ya kawaida hukiwasha kwa muda tu. Ukikuta kipimo cha kaswende aina ya VDRL ni chanya na cha kuthibitisha ni hasi, kumbuka kundi hili.

Kingamwili za misuli huja kwa orodha ndefu. Jibu hafifu kwenye ukanda mmoja mara nyingi ni uongo. Jibu kali la anti-MDA5 kwa mwenye kikohozi na vidonda vya vidoleni ni dharura ya mapafu, na la anti-TIF1-gama kwa mtu mzima mwenye upele na misuli dhaifu linamaanisha utafute saratani.

Kuhusu damu yenyewe sina mengi: kufunga kula hakuhitajiki. Aliyetiwa imunoglobulini kwa mshipa anaweza kuonyesha kingamwili za wachangiaji. Na ukiomba kriyoglobulini (protini za damu zinazogandamana kwenye baridi), chupa ibaki kwenye joto la nyuzi 37 mpaka seramu itenganishwe. Niliwahi kupokea ikiwa imetoka kwenye friji.

Hatua ya 7: Mwambie mgonjwa jibu lina maana gani

Ukimaliza, karatasi itakuwa kwenye mojawapo ya mafungu matatu. Dalili zipo na kingamwili inazifuata: mpeleke kwa bingwa na utaje kingamwili kwa jina na kiasi. Dalili zipo na kingamwili haipo: mpeleke pia. Kingamwili ipo na dalili hazipo: hapo ndipo maneno yako yanapopimwa.

Yule mama wa thairoidi nilimwonyesha ile hesabu ya watu 134 kwenye kipande cha karatasi. Nikamwambia ana alama ya kinga ambayo watu wengi wazima wanayo, kwamba mkojo wake ni safi, na kwamba akiona viungo vimevimba, upele unaochochewa na jua, miguu kujaa au kifua kumchoma akivuta pumzi, arudi siku hiyohiyo. Kwenye faili nikaandika: ANA isirudiwe bila dalili mpya.